Gari Linaalika

Jumanne ambayo mumewe hakurudi, Mwalimu alichemsha maji ya kuoga mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, kama kawaida, kwa sababu basi la kiwanda lilikuwa linamshusha mumewe pale kona saa kumi na mbili kasoro robo, naye alipenda kuoga kabla ya kula. Maji yakapoa. Akayapasha, yakapoa tena. Yalipopoa mara ya tatu aliyamwaga kwenye sakafu ya bafu akaisugua, maana mkaa ulikuwa umeshaungua na maji hayana kosa.

Jina la Mwalimu alipewa na mtaa, ingawa hakuwa na darasa wala chaki. Alifundisha watu kuendesha gari. Mumewe alikuwa fundi katika kiwanda cha kuunganisha magari, upande wa giaboksi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kelele yake pekee nyumbani ilikuwa ya vidole. Kila alipokaa mezani alivialisha vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, kabla hajagusa chakula. Cha shahada, ta. Cha kati, ta. Cha pete, kimya. Cha mwisho, ta ndogo kama ya kiberiti kilicholowa. Kile cha pete hakikuwahi kualika tangu utotoni. "Huyu ni bubu wa familia," alikuwa akisema. "Haya, tule."

Asubuhi ya Jumatano Mwalimu alikwenda kiwandani. Afisa utumishi, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alimletea kadi ya mumewe. Kuingia, saa moja na dakika mbili asubuhi. Kutoka, saa kumi na moja na dakika saba jioni.

"Alitoka, mama," alisema. "Baada ya geti sisi hatumjui mtu."

Wiki mbili baadaye ilikuja barua yenye neno *mtoro*. Mtaani wakasema ameingia mitini, na jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko mkono, alipitia kila kibaraza akisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Msiba haukuwekwa. Mtu aliyetoka kazini saa kumi na moja na dakika saba hawekewi msiba.

Mama mkwe, aliyeishi chumba cha nyuma, alisema jambo moja tu: "Mwanamume hakimbii nyumba yenye amani." Kuanzia siku hiyo Mwalimu alimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo, mama," na mama mkwe hakuitikia. Miezi saba.

Mwezi wa nane chuo cha udereva kilinunua gari jipya la otomatiki, viti vikiwa bado ndani ya nailoni. Mwanafunzi wa kwanza kulikalia alikuwa muuza vitambaa, mwanamke mnene mcheshi aliyeshindwa mtihani mara mbili na kuwalaumu watahini wote wawili. Alikanyaga breki, akatoa mkono wa gia kwenye P.

Ta.

"Mwalimu, hili limetoka kiwandani na mafua?"

"Endelea."

Kutoka R kwenda N, ta. Kutoka N kwenda D, kimya. Kutoka D kwenda L, ta ndogo kama ya kiberiti kilicholowa.

Mwalimu alikuwa ameshika ubao wake wa kuandikia. Aliuweka magotini. "Rudisha P," alisema. "Anza upya. Polepole."

Wakaanza upya. Walipofika mara ya tisa muuza vitambaa akamtazama. "Mwalimu wangu, leo tunaondoka au tunasonga ugali?"

"Leo ni somo la gia," alisema Mwalimu. Kwenye kadi ya mwanafunzi aliandika: *Kubadilisha gia. Amefanya vizuri.*

Kesho yake alilipeleka gari kwenye gereji ya waliouza. Karani wa mapokezi alimsikiliza akaandika kwenye fomu: *Gari linaalika.* Msimamizi akapita, akasoma juu ya bega lake. "Linaalika nani? Kuna harusi?" Wote wawili wakacheka, kisha wakamwita fundi, mzee kidogo aliyevaa ovaroli iliyopauka magotini.

Fundi alimwomba Mwalimu akae ndani abadilishe gia, yeye akalala chini ya gari. Ta, ta, kimya, ta. Akatoka, akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Ni vidole," alisema.

"Vya mkono wa kulia."

"Ndiyo, wa kulia. Wa kushoto ungekuwa mzito zaidi." Akafungua mlango wa dereva, akamwonyesha kibati kidogo kilichobandikwa kwenye fremu. Kilikuwa na tarehe. Ilikuwa ile Jumanne. "Nimefanya kazi kule miaka kumi na moja kabla sijaja hapa, na wenzangu bado wapo. Mashine ya kubana, namba tatu, wakubwa walitoa kinga yake ya mikono ili kazi iende haraka. Jumanne hiyo ilisimama dakika arobaini. Ikaoshwa. Ikawashwa."

"Na kadi yake?"

"Kadi haina macho, mama. Yeyote anayeitia kwenye mashine, inaandika."

Mwalimu aliutazama mkono wa gia. "Lifungue, nimtoe."

"Giaboksi ina lakiri ya kiwanda. Wao tu ndio wanaofungua, na nikwambie ukweli, ukifungua utakuta gia na mafuta. Yeye yumo kwenye mlio." Fundi akamrudishia fomu asaini. Alipoona maneno ya karani, alitikisa kichwa. "Huyu kijana ameandika sawa bila kujua. Limekualika wewe."

Mchana Mwalimu aliegesha gari mbele ya nyumba, akaenda hadi chumba cha nyuma.

"Shikamoo, mama."

Mama mkwe alikuwa anashona kifungo. Hakuinua uso.

"Njoo ukae kwenye gari dakika moja. Moja tu, kisha urudi kwenye kimya chako."

Pengine ni neno *kimya* lililomwinua. Alikuja akijikokota, akakaa kiti cha abiria, akaweka pochi yake mapajani kama aliye kwenye foleni ya hospitali. Mwalimu akakanyaga breki, akapeleka mkono wa gia kutoka P hadi L.

Mama mkwe aliondoa mkono wa Mwalimu juu ya gia, akaweka wake.

"Kanyaga tena hiyo breki yako."

Ta. Ta. Kimya. Hapo kwenye kimya aliusimamisha mkono wake, kidole gumba chake kikipapasa ngozi mpya ya mkono wa gia.

"Hiki nilikibana mimi," alisema. "Mlango wa jikoni. Alikuwa na miaka mitano. Nilikuwa nimekasirishwa na baba yake, nikausukuma mlango bila kutazama nyuma. Hakulia. Alinitazama tu." Akamalizia gia ya mwisho, akausikia mlio mdogo. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Marahaba," alisema.

Kesho yake walikwenda kiwandani pamoja. Afisa utumishi alitoka hadi uwanja wa kuegesha na faili kwapani, akakaa kwenye usukani, akajaribu gia mwenyewe mara mbili.

"Ndiyo, ni yeye," alisema. "Alikuwa akifanya hivi kwenye mikutano. Mkurugenzi alikuwa hapendi."

"Basi andika," alisema Mwalimu.

"Niandike nini?"

"Kwamba hakutoka. Kwamba alifia humu ndani. Futa lile neno *mtoro*, unipe karatasi nimwekee mume wangu msiba kama watu."

Afisa alifungua faili, akaigeuza ili waone. "Kadi inasema alitoka, mama. Saa kumi na moja na dakika saba."

"Na vidole vinasema yumo humu."

"Nakubali. Lakini vidole havipigi kadi." Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtu kwamba ofisi imehamia ghorofa ya pili. Akawasifu kwa uvumilivu wao na kuwapa kalenda mbili za kiwanda, mafuta yale ya kupakwa kwa mgongo wa chupa.

Mama mkwe hakupokea yake. "Mwanangu, wewe una mama?"

"Ninaye, bibi."

"Leo ukitoka, mpigie simu umwambie umetoka. Usiiachie kadi imwambie."

Afisa aliandika hilo pembeni ya faili, akawafungulia geti.

Jumapili mwenye chuo alimwachia Mwalimu gari kwa siku moja. Aliliegesha mbele ya nyumba, milango yote wazi, mama mkwe kwenye kiti karibu na gurudumu la mbele. Watu walikuja, wengi kuliko walioambiwa. Waliingia mmoja mmoja, wakakanyaga breki, wakasogeza gia, wakasikiliza, wakashuka na kutoa pole. Wenzake mumewe kutoka kiwandani walikuja wawili, wakiwa wamevua vitambulisho, na hawakukaa. Jirani wa mlango wa pili alikaa ndani muda mrefu kuliko wote. Aliposhuka alimshika Mwalimu mkono, ulimi wake ukawa mzito kwa mara ya kwanza. Mama mkwe akamwambia, "Haya, pita kule kwenye vibaraza vyako ukaseme na hili."

Jumatatu gari lilirudi kazini saa mbili asubuhi. Muuza vitambaa alikuwa na zamu ya kwanza.

Mwezi uliofuata kiwanda kilituma ukurasa mmoja wa kubandika kwenye kitabu cha gari. Uliandikwa hivi: *Mlio mdogo wa kualika unapobadilisha gia ni tabia ya kawaida ya gari hili. Hauhitaji matengenezo.* Neno *mtoro* bado limo kwenye faili. Mashine namba tatu inafanya kazi shifti mbili, na kinga yake, alivyosema fundi, bado imeegemezwa ukutani.

Muuza vitambaa amefaulu. Wanafunzi wapya wanakuja kila wiki, na kila mmoja siku ya kwanza huuliza sauti ile ni ya nini.

"Huyo ni mume wangu," hujibu Mwalimu. "Tazama kioo, kisha ondoka."

Nao hutazama kioo, kisha huondoka.