Daftari la Mzee Redio

Kila asubuhi kabla ya kumeza vidonge, fundi saa aliandika neno moja kwenye daftari alilopewa hospitali: "Hakuna." Hakuna homa, hakuna kuharisha, hakuna kubanwa pumzi. Uongo mtupu! Siku tisa sasa alikuwa akipanda ngazi za nyumbani kwake kwa vituo, akijidai anatafuta funguo mfukoni ili mkewe asishtuke.

Saratani yake ya mapafu ilikuwa ya ile aina isiyo na subira. Katika majaribio ya tiba mpya, madaktari walikuwa wakiikabili kwa dawa mbili kwa pamoja, ya dripu na ya vidonge, na uvimbe ulikuwa umeanza kunywea. Daktari alimwonya mapema: dawa hizo zikikutana zinaweza kuyadhuru mapafu yenyewe, kwa hiyo ukibanwa pumzi, sema siku hiyohiyo. Lakini jirani yake wa kiti cha dripu, waliyembandika jina la Mzee Redio kwa kuwa hazimiki, alimnong'oneza mengine.

"Ukisema tu, wanakutoa kwenye majaribio. Andika hakuna, meza, nyamaza."

"Wewe ndiye wa kunifundisha kunyamaza?" fundi alimtania, wakacheka mpaka wakakohoa.

Leo kiti cha Redio kilikuwa kitupu. Atakuwa amechelewa, fundi alijiambia. Nesi akaanza maswali yake ya kila mara.

"Pumzi je, mzee?"

Kabla hajajibu, mke wa Redio aliingia peke yake, ameshika kopo la vidonge na daftari. Utaratibu ni huo: dawa iliyobaki hurudishwa ihesabiwe.

"Shemeji," fundi aliita, "mwenzangu yuko wapi?"

"Tumemzika juzi, shemeji. Pumzi zilimkatika." Alifungua daftari mezani. "Ona, kila siku hakuna, hakuna. Na mimi nikamwamini."

Nesi alianza kuhesabu vidonge polepole. Fundi aliogopa kutolewa, akaogopa zaidi kubaki.

"Sista," alisema, akimsukumia daftari lake, "na langu ni la uongo. Leo siku ya tisa nabanwa pumzi."

Nesi aliacha kuhesabu. Akambana kidole kwa kipimo cha oksijeni, akaitazama namba, akamwita daktari kwa sauti ya juu.

"Nimechelewa?" fundi aliuliza.

Nesi alilichukua kopo la vidonge la fundi, akaliweka kando ya lile la Redio, kwenye dawa za kurudishwa.