Maisha ya Tatu ya Binti wa Glavu

Nabangala aliishika maiki kwa mikono miwili, maana akiiachia tu, kwisha habari yake. Hajji Nasser, mwenye kibanda cha filamu pale Bugolobi, alikuwa amemwambia waziwazi. Wateja wa Jumapili ni Wakenya wa viwandani, Kiganda hakiwapandi, na yeye anatafuta mtu wa kuwatafsiria filamu kwa Kiswahili.

"Watu wakikaa mpaka mwisho, kazi ni ya wewe. Wakitoka, unarudi kwa soda yako."

Mwaka mzima Nabangala alikuwa akiuza soda mlangoni huku akiwasikiliza watafsiri wakiboronga. Aliitaka kazi hiyo hadi usingizi ukamruka.

Sasa bahati gani hii! Flashi ya siku hiyo haikuwa na filamu ya kareti hata moja, ila ya Kipolandi: theluji, makoti, watu wanaotazamana bila kusema. Nabangala akasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, akatia chumvi. Binti anakimbilia tramu, ile treni ya barabarani. Glavu yake nyekundu inaanguka, anainama kuiokota, tramu inamwacha. Akaolewa na jirani, akazeeka bila kucheka, akafa.

"Amekufa, jamani! Poleni, asanteni, mwisho!"

Mara binti yuleyule, mzima kabisa, anakimbilia tramu.

Kibanda kikalipuka kwa kelele. Oloo, mchomelea vyuma mwenye sauti kubwa kuliko mashine zake, akasimama. "Flashi imeharibika! Huyu si tumemzika saa hii?"

Wengine wakaanza kuelekea mlangoni. Hajji akanyoosha mkono. "Nnyabo, dada wewe, reta maiki."

Nabangala hakumpa; macho yake hayakubanduka kwenye runinga. Glavu ikaanguka, na safari hii binti hakuinama!

"Kaeni! Hajafufuka! Ni asubuhi ileile, ila glavu ameiacha. Tuone atakuwa nani!"

Wakakaa. Binti akaipata tramu, akapendwa na mpiga gitaa, akaimba majukwaani, akaishia gerezani. Tramu iliporudi mara ya tatu, kibanda kizima kilikuwa wima.

"Okota!"

"Wacha hiyo takataka!"

Glavu ikaanguka. Binti akasimama, akageuka, na umeme ukakatika.

Runinga kimya, maiki kimya. Nabangala hakujua kilichofuata, na mlango ulishaanza kufunguliwa. Akaitupa maiki, akapanda juu ya kreti la soda.

"Aligeuka," akapaza sauti, "akaona tramu inaondoka, na glavu imelowa. Akaviacha vyote viwili, akaenda kwa miguu!"

"Wapi?" akauliza mtu gizani.

"Mbali! Hadi mji wa vilima ambako hana ndugu. Akauza soda mlangoni pa watu. Kila siku akiwasikia wa ndani wakisema, akijua yeye angesema vizuri zaidi."

Mlango ukafungwa tena, na waliosimama wakakaa.

"Halafu wakampa nafasi?" Oloo aliuliza, kwa sauti ya chini safari hii.

"Hajaambiwa bado."

Umeme ukarudi. Kwenye runinga, binti alikuwa ameinama kuishika glavu.

"Zima!" wakapiga kelele wote. "Hajji, zima hiyo! Acha dada amalizie!"

Hajji akazima runinga. Kisha akainama, akaiokota maiki sakafuni, akaifuta vumbi kwa kanzu yake na kumpa Nabangala.