Ngao Iliyobaki Mtoni

Lartio alisimama mbele ya kamanda bila ngao, na kwa askari wa Roma hilo lilitosha kumuua. Anayetupa ngao vitani hupigwa marungu na wenzake wa hema moja mpaka akate roho.

"Ngao iko wapi, we mzee?" kamanda aliuliza.

"Nilimfunika nayo huyu." Lartio alimnyooshea kidole askari kijana, Sestilio. "Alianguka mtoni, adui zetu Wagali wamemzunguka. Nikamburuta kwa nywele kama mbuzi. Ngao ikabaki."

Askari waliangua kicheko. Sestilio hakucheka. Baba yake alikuwa na mizabibu kilima kizima. Lartio alilima shayiri kwenye mawe. Na sheria ilikuwa wazi: aliyeokolewa sharti akiri kwa mdomo wake, amvike mwokozi wake taji la majani ya mwaloni, kisha amheshimu kama baba mzazi maisha yake yote.

"Nilitoka mwenyewe," Sestilio alisema. "Huyu sijui alikuwa wapi."

Lartio alihisi damu ikimchemka mpaka masikioni. "Mwongo we! Ulikuwa unamlilia mama yako huku kamasi zinakutoka!"

"Mashahidi?" kamanda aliuliza.

"Wako mtoni. Wamekufa."

Kamanda alichukua rungu, akamkabidhi Sestilio. "Basi ametupa ngao. Mnalala hema moja. Anza wewe."

Lartio hakuomba msamaha. Alivua kofia ya chuma, akamsogelea kijana, akainamisha kichwa. "Piga. Ila upige kiume, usilegee kama ulivyolegea mtoni."

Sestilio aliliinua rungu, kisha akaliacha lianguke.

"Aliniokoa," Sestilio alinong'ona.

"Sema usikike!" kamanda alifoka.

"Aliniokoa! Huyu... huyu ni baba yangu."

Majani yakaletwa. Sestilio alimvika taji bila kumtazama usoni.

"Hongera, baba wa tajiri!" wenzake walipiga kelele. "Utukumbuke mvinyo wa mwanao ukifika!"

Lartio hakutabasamu. Alitaka kulitupa lile taji matopeni. Badala yake akalikaza kichwani.

"Usiniite baba," alisema. "Mwana anayepatikana kwa rungu ni wa nini? Lakini taji nitalivaa kila sikukuu ya michezo. Mwenye taji hili akiingia uwanjani, watu wote husimama kwa heshima. Utasimama wewe, na baba yako atasimama. Akiuliza kwa nini, mweleze mwenyewe."

Akageuka, akaenda kutafuta ngao nyingine.