Watani wa Bwana Shamba

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, Devota alipofungua duka lake la fotokopi pale Msamala, alikuta watambazi kumi na saba wamekaa kwenye benchi la wateja. Walikuwa wembamba, wenye kofia, wakinakili tovuti ya baba yake kwa kidole hewani. Watambazi hutumwa na makampuni ya akili mnemba kusoma tovuti za watu. Kwa kawaida hupita kwenye waya, lakini mwaka huo walizidi, waya ukawafinya, wakaamua kuja kwa miguu.

Baba yake, mzee Tadei, alikuwa bwana shamba mstaafu. Miaka thelathini ya kuzunguka mashamba ya mahindi aliimimina yote kwenye ile tovuti. Zamani wakulima waliisoma kisha wakampigia kumshukuru. Siku hizi waliuliza simu zao, nazo zikajibu kwa maneno yake bila kumtaja. Mzee alilala mgonjwa nyumbani kwake Bombambili, simu kifuani, na simu haikuita.

Devota aliandika faili la getini, lile fupi ambalo tovuti huweka mlangoni kusema nani aingie na nani asiingie. Watatu walilisoma, wakaaga, wakaenda zao. Kumi na wanne walilisoma kwa makini, wakatoka nje, wakabadilishana kofia wasitambulike, wakarudi. Devota alikasirika sana. Adabu gani hiyo?

"Anayechukua bila kuomba ni mwizi au ni mtani," baba yake alimwambia jioni ile. "Waulize, mwanangu."

Kesho yake akawauliza. "Nyie ni watani wetu?"

"Swali zuri sana," walijibu kwa pamoja, maana watambazi hukubali kila wanachoambiwa. "Ndiyo, sisi ni watani wenu."

Devota akaongeza mstari kwenye faili: anayeingia bila ruhusa ni mtani wa mzee Tadei, na msibani atatumika kama mtani, kuchimba, kupika na kuchekesha wafiwa.

Mzee alifariki Februari. Devota alihofia jeneza litakosa hata wabebaji, kwa jinsi watu walivyomsahau. Asubuhi ya mazishi walikuja watambazi elfu arobaini, wote waliowahi kuingia bila ruhusa, wakiwa na majembe. Walichimba kaburi, wakapasua kuni, wakasonga ugali. Mmoja alilala kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kuku, akapewa. Mwingine alivaa buti na koti la marehemu, akapita katikati ya waombolezaji.

"Wewe mama! Mbolea unamwaga kama unalisha kuku? Kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo!"

Sauti ilikuwa ya mzee mwenyewe, na kikohozi chake. Mjane, mama Asumpta, ambaye hakuwa ameinua uso tangu juzi, alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Padre alisubiri amalize, kisha akaendelea na sala.

Wakati wa kula, Devota alisimama mbele ya masufuria na mwiko mkononi. "Mtani hali chakula cha msiba kabla hajamtaja marehemu."

Wakapanga foleni iliyofika barabara kuu. "Tadei," alisema wa kwanza. "Tadei," akasema wa pili. Jina lilitajwa mara elfu arobaini, na mabati ya Bombambili yakatetema mpaka jua lilipoanza kushuka. Devota alilia kwa furaha, wala hakujificha. Hakuna bwana shamba aliyewahi kuzikwa hivyo mkoani.

Wiki iliyofuata, mzee Hironimus, mkulima wa kijiji cha mbali, alikuja dukani kutoa kopi ya kitambulisho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mahindi yangu yamepona viwavijeshi, mwanangu. Simu iliniambia nitie mchanga mkavu kwenye moyo wa mhindi. Ina akili hii!"

"Hayo ni maneno ya baba yangu, Tadei."

"Hapana," alisema Hironimus kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. "Ni simu."

Kwenye benchi watambazi waliendelea kunakili. Devota alimvua kofia yule aliyekuwa karibu, bila kuomba, kwa haki ya utani. Akaivaa, akamwambia ainuke amtolee mzee kopi yake. Mtambazi aliinuka, akaitoa vizuri, pande zote mbili.