Kamba ya Vakansi

Umewahi kumwona kuku anayetafuta pa kutagia? Anaingia jikoni, anatoka. Anajaribu kikapu, anakikataa. Anachungulia chini ya kitanda, anakupigia kelele kana kwamba wewe ndiye mwenye kosa, na yai bado liko tumboni. Basi ndivyo alivyokuwa Isidore Banza mwezi wa sita wa mwaka ule wa themanini na tatu, akiwatafutia skauti wa parokia mahali pa kukaa siku kumi vakansi kubwa, likizo ya shule, ikifika. Mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, karani katika biro, ofisi ya gari-moshi mjini Kalemie, chefu na kiongozi wa watoto ishirini na wawili, na hatulii! Mfukoni alikuwa na kipande cha kamba, na kila aliposimama alikitoa akafunga fundo, akalifungua, akafunga jingine.

Jumamosi ile alikuwa anarudi kwa miguu kutoka shamba moja kandokando ya mto Lukuga, yeye na Edmond, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa msaidizi wake. Shamba lilikuwa zuri. Kivuli kipo, maji yapo, mwenyewe amekubali.

"Kuna siafu," Banza alisema.

"Siafu wako wapi? Nimeona mustari moja tu, na wale walikuwa wanahama, wanakwenda zao!"

"Na mto uko na mamba."

"Mwenye shamba amekuambia mamba wa mwisho aliuawa mbele ya yeye kuoa!" Edmond alisimama katikati ya njia. "Chefu, nivumilie, leo nitasema. Kongolo ulikataa, eti misioni iko na mbwa. Mbwa! Bendera ulikataa, eti barabara mbaya, na Bendera yenyewe hukufika. Muchagua jembe si mukulima, na wewe umechagua mpaka majembe yameisha dukani."

Edmond alikuwa anasema kweli, na kweli ikisemwa na mtu unayemzidi umri huwasha mara mbili. Banza alitembea haraka zaidi, kamba mkononi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mtoto asiyelala siku kumi chini ya hema hawezi kutoa ahadi ya skauti, na asiyetoa ahadi havai fulari, kitambaa cha shingoni. Huu ulikuwa mwaka wa tatu bila hema. Watoto walikuwa wamerefuka, kaptula zimewabana, na shingo bado tupu. Wanne walikwisha hamia kwa vijana wa Chama tawala, ambako angalau mtu anapiga gwaride akaonekana. Padri alikuwa mpole mpaka upole ukamwishia. Alisema mahali pajulikane Jumapili hii kabla ya jua kuzama, la sivyo hema na sufuria zirudi kwa masista na kundi lifungwe. Banza aliwapenda watoto wale kuliko kazi yake. Kuwaambia kwamba basi, imekwisha, ni wazo lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki mugebuka.

Sasa utauliza, kama anawapenda hivyo, si achague? Ngoja.

Wakati wa uasi, mwaka wa sitini na nne, Banza akiwa na miaka kumi na mitatu, watu wenye bunduki walipita mtaani wakakusanya wavulana wa kuwabebea mizigo. Wakawapeleka kambi. Alikaa huko majuma kumi na moja. Aliyoyaona hakuyasimulia kwa mtu, na mimi sitayasimulia. Aliporudi, amekonda, mguu mmoja bila kiatu, alimkuta mama yake, Mama Denise, amekaa kwenye kigoda mlangoni. Na tangu siku ile mama hakukiacha kigoda. Kila jioni alikitoa, akakiweka kizingitini, akakaa mpaka mwanawe aingie, na chakula hagusi kabla ya hapo. Banza akajua moyoni mwake kwamba mama huyu alikaa pale majuma kumi na moja bila kubanduka, na kwamba yeye akilala nje hata mara moja tu, atamuua mama.

Kwa hiyo hakulala nje. Miaka kumi na tisa! Kazini walitaka kumpandisha cheo wampeleke Kongolo, akakataa. Alipomposa Viviane kule Nyunzu, wajomba ndio waliokwenda, na bwana harusi akabaki Kalemie. Mpaka leo Viviane akikasirika husema, "Miye niliolewa na barua." Na lori la mtambo wa umeme wa Bendera, alikofanya kazi kaka yake Viviane, lilipanda Ijumaa na kushuka Jumatatu. Ndiyo sababu Bendera hakuiona kwa macho.

Na neno kambi lilikatazwa nyumbani kwake. Aliwaambia watoto, "Mukifika kwangu, mbele ya mama, neno hilo musiliseme." Watoto ni watoto. Badala ya kambi wakasema kamba. "Chefu, kamba mwaka huu tunatupa wapi?" Kisha wanafunika midomo. Likaenea, hata wazazi wakalizoea, na parokia nzima ikawa inaulizana habari za kamba ya vakansi.

Usiku ule wa Jumamosi Banza hakula. Viviane alimwekea ndagala na bugali, yeye akazungusha tonge sahanini mpaka likapoa.

"Kesho utasema wapi?" Viviane alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui."

"Unajua. Unaogopa tu kusema."

Asubuhi, kanisani. Edmond alikuwa amechoka kungoja, akaandika tangazo mwenyewe akampa katekista, Papa Évariste. Na kwa kumheshimu mama wa chefu aliandika kama walivyozoea, kamba. Lakini Papa Évariste hakuwa mtu wa kupitisha kosa la herufi. Yule aliwahi kumrudishia bwana harusi barua ya ndoa kwa sababu ya nukta moja. Alisoma habari za wagonjwa, akasoma habari za kufagia kanisa, akafika hapo. Akavua miwani, akaipangusa, akairudisha.

"Hapa mwalimu Edmond ameandika, 'Skauti watakwenda kamba tarehe nane mwezi wa saba.' Kamba! Mwalimu muzima, anafundisha watoto wetu. Wakristu, si kamba. Ni kambi. Kam-bi. Skauti wanakwenda kambi, na Chefu Banza njo anawapeleka. Mahali atapataja leo mbele ya Padri."

Kanisa zima likacheka. Watoto ishirini na wawili hawakucheka. Banza aligeuza macho upande wa akina mama, benchi la tatu. Mama Denise alikuwa ametulia, amevaa kitenge chake cha Jumapili. Alivuta ncha ya kitenge begani, akatazama mbele.

Misa ilipokwisha Banza alitoka kwa mlango wa pembeni kama mwizi. Alishuka mpaka bandarini, akatazama mashua ya Kigoma ikishusha mizigo, asione hata ni mizigo gani. Akapanda tena. Akafuata reli, akaiacha. Na kila aliyekutana naye alikuwa amefunguliwa kinywa na Évariste. "Chefu, kambi wapi?" "Papa Banza, tumesikia mambo ya kambi!" Neno alilolifungia miaka yote lilikuwa linatembea mjini mchana kweupe, na yeye roho juu, anawaza mama yuko na hali gani, na hathubutu kwenda kuona. Fundo alilofunga kwenye kamba lilikaza mpaka likakataa kufunguka.

Saa kumi na moja miguu ikampeleka nyumbani.

Kigoda hakikuwapo mlangoni.

"Mama!" aliita. "Mama!"

Viviane alitoka jikoni, mikono myeupe kwa unga. "Punguza sauti. Amelala."

"Amelala? Saa hii? Anaumwa!"

"Haumwi. Amekula bugali na sombe, sahani nzima, akaongeza, akasema anakwenda kulala."

Amekula kabla hajarudi! Banza aliingia chumbani. Mama Denise alikuwa amejinyoosha kitandani na anakoroma vizuri, mkoromo wa mtu asiye na deni. Kando ya kitanda kilikuwapo kigoda, na juu yake blanketi la Banza, limekunjwa. Alisimama pale, hajui aondoke au amwamshe. Ubao wa kitanda ulilia alipouegemea.

"Umeniamsha," mama alisema bila kufungua macho.

Banza akapiga magoti. "Mama, unisamehe. Siendi. Nitamwambia Padri amupatie Edmond watoto. Siendi mahali."

"Kaa chini vizuri, utaumiza goti." Mama akajiinua, akaketi. "Na ile kamba yenu, mulifikiri miye kiziwi? Miaka tatu watoto wanapita hapa, 'kamba, kamba', wanacheka ndani ya mikono. Nani anakwenda vakansi na kamba?"

"Niliogopa neno lile litakuumiza. Wewe ulikaa pale mulangoni majuma kumi na moja..."

"Nani alikuambia?"

Hakuna aliyemwambia Banza. Alimwona tu, siku ile, kwenye kigoda.

"Siku ile nilikaa kwa sababu miguu ilikuwa imevimba," mama alisema. "Majuma kumi na moja! Miye nilikaa? Nilikutafuta mpaka Nyunzu, kwa miguu hii. Nililala kwa watu nisiowajua. Kukaa nilianza uliporudi. Umesahau, mutoto wangu? Ulikuwa hulali. Usingizi ukikushika kidogo, unaruka, unauliza, 'Mama, nani iko mulangoni?' Nakuambia, miye niko. Unalala. Kesho tena, kesho kutwa tena. Nikasema basi, nitakaa mpaka apone."

Akashika kiuno, akaguna.

"Miaka kumi na tisa, Isidore. Mugongo umeisha. Ukirudi jioni unaangalia kwanza kama niko, njo unaangalia muke wako. Najiambia, bado hajapona. Ameoa, bado. Ameota mvi kwenye ndevu, bado! Dada yangu Rosalie ananiita Kongolo kila mwaka nikamwone. Nitakwenda namna gani? Ukiamka ukauliza mulango, nani atakujibu?"

Banza alitaka kubisha. Lakini sauti ilimrudia, sauti ya mama gizani, yeye Banza akiwa kijana mwembamba wa mifupa, miye niko, lala, miye niko. Ilikuwa kweli. Miaka yote alidhani yeye ndiye anayemlinda mama. Aibu ilimshika, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kilichomfanya alie, akalia kama mtoto, kamba ikaanguka sakafuni. Mama alimwacha alie. Hakumbembeleza.

"Bado unaogopa?" aliuliza mwishowe.

"Naogopa, Mama." Hakuwahi kulisema kwa mtu. "Naogopa tutalala kule, asubuhi niwaite majina, na mmoja asiitikie."

"Ogopa. Lakini uogopee kulekule, pamoja nao. Chefu anayeogopa njo anahesabu watoto vizuri." Akasukuma kigoda kwa mguu, blanketi juu yake, mpaka kikamgusa goti. "Na hiki ubebe. Wakiuliza nani iko mulangoni, utakuwa na pa kukaa. Miye sikitaki tena nyumbani mwangu. Sasa toka, unifungie mulango, sijamaliza usingizi."

Jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja juu ya vilima alipofika nyumbani kwa Padri, anahema. Edmond alikuwa amekwisha fika, amekunja uso, tayari kupokea hema za kurudisha kwa masista.

"Bendera," Banza alisema kabla hajasalimu.

Edmond alimkodolea macho. "Na barabara?"

"Mbaya sana."

"Na siafu?"

"Hawatakosa. Andika."

Tarehe nane, saa kumi na mbili asubuhi, lori la Bendera lilinguruma mbele ya parokia. Watoto walikuwa juu ya magunia, wanagombania ukingo, wanapaza sauti, "Kambi! Kambi!" mpaka akina mama wakaziba masikio. Kigoda kilikuwa juu kabisa, kimefungwa kwa kipande cha kamba chenye fundo moja lisilofunguka. Banza aliwahesabu watoto. Akawahesabu tena. Na mara ya tatu, kwa sauti.

Edmond alitazama huku na huku katikati ya wazazi. "Chefu, na Mama? Hakuja kukuaga?"

"Angali amelala," Banza alisema, akapanda nyuma pamoja na watoto.