Supu ya Mwani kwa Mzazi

...na sasa, watoto, fumbeni macho, pigeni picha hii vichwani mwenu, jiko jeupe lisilo na kuni wala mkaa, kioo cheusi kinachogeuka chekundu kimyakimya, dirisha, na nje ya dirisha theluji imepanda hadi katikati ya uzio wa jirani, na mbele ya jiko amesimama mwanamke mtu mzima, amefunga kanga juu ya sweta, ana mwiko mkononi, na kando yake sinki imejaa majani meusi ya baharini, pomoni, na bakuli la kuchanganyia keki limejaa, na sufuria ya ugali imejaa, na beseni... si lile la kuogea mtoto, Haika, usidanganye mbele ya darasa, ndiyo, hata lile la kuogea mtoto limejaa... nimestaafu, nimevuka bahari kuja kulea mjukuu hapa Crystal, Minnesota, na bado kila nifanyapo jambo nalieleza kwa darasa la kwanza, watoto ambao wenyewe sasa wana watoto, nawaona kabisa, wa mbele wanasinzia, wa nyuma wanachezea vifutio, na mimi naendelea, angalieni, haya majani yanaitwa mwani, yalikuwa makavu, yalikuwa kidogo tu, mwalimu wenu ndiye aliyekosea, na aliyemkosesha mwalimu wenu ni mchicha.

Maana mchicha umenilea vibaya, unachuma mlima mzima, unaushindilia sufuriani hadi mfuniko unakataa, na baada ya muda mfupi unakuta kiganja kimoja kimelala chini, kila mwanamke wa kwetu anajua majani ni watu wa kunywea, kwa hiyo nilipofungua ile pakiti nikakuta vijiti vyeusi vyepesi kama nywele zilizokatika kwenye kitana, nikajiuliza hiki kitamshibisha nani, nikamwaga vyote majini, na yule mama wa duka la Wakorea kule Saint Paul alinionyesha, maskini, alibana vidole kama anayeshika chumvi, kidogo, kidogo, nami nikatabasamu, nikadhani anaomba radhi kwamba pakiti ni ndogo... nikaenda kukunja nepi, narudi, majani yametoka kwenye bakuli yanatembea mezani. Mama, anasema Damas, amepanda kutoka beisimenti anakofanyia kazi, visikilizio vimemning'inia shingoni, Mama, umeloweka pakiti nzima? anacheka kwa mabega bila sauti, kama marehemu baba yake, hii Mama inalisha Crystal yote, na jirani zetu wa New Hope wanabakiza. Usicheke, utamwamsha mtoto, rudi kazini. Niko kwenye break, anasema, na mkono wake unachukua jani moja, analiinua kwenye mwanga, ni refu, la kijani sasa, linateleza, analirudisha taratibu kama aliyeshika kitu cha mtu. Amekula? anauliza. Nusu ya mkate. Hacheki tena. Anaangalia mlango wa chumba chao kule mwisho wa korido, umefungwa, tangu mkewe Irene atoke hospitali mlango huo hufungwa mchana kutwa, na ndani hakuna ugomvi wala kelele, ni kulia kule kwa chini kwa chini, kwa mtu anayejitahidi asimsumbue yeyote. Mama, anasema, una uhakika na hii? What if inamuumiza zaidi? Niligeuza nyama, akasubiri, kisha simu yake ikalia naye akashuka na swali akaniachia hapa, limekaa juu ya kaunta pamoja na majani.

Nyama imeanza kugeuka rangi, vizuri, mafuta ya ufuta, kitunguu saumu, kisha mwani, kisha maji, bibi mmoja wa Kikorea kwenye video ya simu yangu ndivyo anavyofanya, sielewi hata neno moja lake, ila mikono naielewa, namsimamisha kwa kidole, natazama mikono, namwachia aendelee... una uhakika, anauliza mwanangu, mimi ambaye sijawahi kuonja hii supu nitakuwa na uhakika wa nini, ninachojua ni alichosema Irene jana mchana, amekaa kwenye kile kiti cha kubembea, anamnyonyesha Tulia, macho yake kwenye utosi wa mtoto, alisema kwa Kiingereza chake kile cha upole kwamba kule Korea alikozaliwa mzazi hunyweshwa supu ya mwani, siku nyingi, asubuhi na jioni, na mtoto akishakua, kila siku yake ya kuzaliwa hunywa supu ileile kumheshimu aliyemzaa. Mimi siku zangu za kuzaliwa tulikula keki, akasema. Keki nzuri, Marlys aliyenilea anaoka vizuri. Tulia akakoroma kidogo kwenye ziwa, halafu mama yake akasema, kwa hiyo kuna mahali mtu aliinywa hiyo supu kwa sababu yangu, au hapakuwa na mtu wa kumpikia. Nikamuuliza, wewe umewahi kuionja? Hapana. Kwa nini, mwanangu? nikauliza kwa sauti ile ya kumuuliza mtoto kwa nini hajamaliza uji, na yeye akajibu bila kuinua macho, kwa sababu nikiionja na ulimi wangu usiitambue, nitabaki na nini?

Nitabaki na nini... nimelala nalo, nimeamka nalo, nimepanda nalo gari la Damas hadi Saint Paul kwenye barabara yenye barafu, na mpango wangu ulikuwa mmoja, nitaipika sawasawa kabisa, itakuwa ileile hasa, hadi ulimi wake usiwe na pa kukimbilia, utasema hii naijua, na binti ataamka, atakula, atafungua mlango... mwaga mwani sasa, Haika, kidogo, kama vidole vya yule mama, sasa umejifunza, unalia chaa kwenye mafuta, na harufu, Mungu wangu, ni harufu ya mahali ambapo sijawahi kuishi, mimi mtu wa mlimani, bahari niliiona kwa mara ya kwanza kwenye semina ya walimu, na mkono wangu wa kulia huo unakwenda wenyewe kwenye kapu la vitunguu, rudi, rudi hapa, hii haina kitunguu maji, haina nyanya, haina karoti, ni mchuzi gani usio na kitunguu na nyanya, ni kama kuingia kanisani bila viatu, lakini yule bibi hakuweka, nami siweki... na simu inalia, ni Ephrasia wa New Hope, naiweka sauti ya juu kando ya chumvi, shoga umeamkaje, mzazi anaendeleaje, unapika nini, nasikia inaunguruma. Nikamwambia. Akaguna. Halafu, Haika, unampa mzazi majani ya baharini? Mzazi anapewa mtori wa ndizi na nyama. Mtori alipewa, nikasema, alikula vijiko vitatu akaniambia it's different. Weee, akasema Ephrasia, na sote wawili tukaelewana, maana tumeishi Minnesota ya kutosha, tunajua mtu wa huku akisema chakula ni tofauti anakuomba usimwongeze. Lakini mwani, shoga, hata Zanzibar wanaoulima hawauli, wanawauzia wenye viwanda. Wakorea wanakula, nikasema. Na wewe ni Mkorea wa kijiji gani? Wa Marangu Mtoni, nikasema, akacheka hadi akakohoa, halafu kicheko kikaisha akasema lile ambalo amezaliwa kulisema, Ephrasia hana mfuniko, akasema, na huyo binti mwenyewe ni Mkorea wa Maple Grove, kalelewa na akina Mark na Marlys, kakulia kwenye viazi vya jibini na kwaya ya Walutheri, utampelekea kitu asichokijua, akwambie nini? Uongo? Ngoja, nikasema, inataka kumwagika, nitakupigia. Haikutaka kumwagika.

Maji yamo sasa, sosi ya soya imo, inachemka polepole, rangi yake inakuwa ya maziwa machafu kama ya yule bibi, nionje... sijui. Ina nyama, ina bahari, inateleza. Ni tamu? Sijui kama ni tamu. Ningekuwa na mtu wa kumuuliza, je, ndiyo yenyewe? Ephrasia ana mdomo lakini hakusema uongo, akwambie nini... nami nilimwambia nini mama mkwe wangu? Kumbe nilimwambia. Damas alipozaliwa niliwekwa chumba cha ndani, pazia limeshushwa, na mama yake Baba Damas akaja na mtori wake, mzito, na juu yake mafuta ya ng'ombe ya kidole kizima, kwao mzazi hupikiwa hivyo, na mimi mafuta yale yalinishinda tangu utoto, kwetu tulikuwa tunayaengua, na yeye alisimama mlangoni, mwembamba, mikono ameikunja, anasubiri bakuli liishe, nami nikameza kama ninavyomeza kwinini, nikasema mtamu, mama. Ningesema nini. Akafurahi, kesho yake bakuli likawa kubwa zaidi. Alinipenda yule mama, hakuna aliyenipenda vile katika ile nyumba, aliamka kwa ajili yangu kabla ya jogoo, alichinja mbuzi wake, na kila siku nilipoona kivuli chake mlangoni nilitamani kugeukia ukuta, si kwa ajili ya mafuta, ni kwa lile jicho lililokuwa linasubiri, nilikuwa nimechoka, nimechanika, na bado nilitakiwa nifaulu bakuli... nifaulu... subiri kwanza.

Punguza moto, Haika. Simama vizuri. Mtihani. Ndivyo nilivyokuwa nafanya tangu asubuhi, napika mtihani, nimeukaanga kwa mafuta ya ufuta, nataka niupeleke chumbani kwenye trei yenye kitambaa nisimame mlangoni nitazame uso wa binti wa watu, ulimi umeitambua, haukuitambua, pata, kosa, na mimi niliyefundisha watoto wadogo miaka yote ile naijua sheria ya kwanza, mtoto haulizwi ambalo hakufundishwa, lile ni swali la mwalimu mkatili... kwani Irene aliinywa lini? Alipandishwa ndege akiwa mchanga, akapokewa uwanja wa ndege na Marlys, picha iko pale sebuleni, mtoto amekonda, macho mawili na blanketi, ulimi wake ulikuwa unajua maziwa basi, supu ilinywewa na mama, kama aliinywa, si na mtoto, sasa ulimi uitambue supu kwa njia gani, haya ni mahesabu ya kawaida kabisa, hata wa mbele wanaosinzia wangeyafanya, na mimi na yeye tumekaa tunaogopa ulimi usije ukafeli somo ambalo haukuwahi kuingia darasani. Hakuna cha kukumbuka, mwanangu. Nasema hivyo kwa upole, sifungi mlango, alichonyang'anywa kipo, ni kikubwa kuliko sufuria hii, na mimi na mwiko wangu hatuwezi kukirudisha, ila hakipo kwenye ulimi wako, ulimi wako hauna kosa. Leo ni siku ya kwanza ya shule. Siku ya kwanza hatutahini, siku ya kwanza tunaonyeshana choo kiko wapi, tunajifunza majina.

Bado inachemka, tena taratibu, viputo vinapasuka pembeni, mlango wa korido bado umefungwa, Tulia bado amelala au wamelala wote wawili, chini nasikia Damas anamweleza mtu kitu kwa Kiingereza, you know, you know, na theluji imeanza tena kuanguka, na mimi bado nimeshika mwiko uleule, sijasogea hata hatua, lakini trei naiona haifai, ile yenye kitambaa, trei ni ya mgonjwa na mlangoni ni pa msimamizi, sitasimama mlangoni, nitachukua mabakuli mawili, wali kidogo pembeni, nitabisha hodi, nitakaa pale kwenye ukingo wa kitanda na miguu yangu hii inayouma, na nitamwambia Irene mimi pia ni mara yangu ya kwanza, nimeionja na kijiko nikashindwa kujua kama ni tamu, nisaidie, nitamwonyesha na kile kichekesho cha sinki akitaka kucheka, tutainywa wote, wawili wasiojua, na macho yangu nitayaweka kwenye bakuli langu mwenyewe, hilo ndilo gumu, mwalimu kuangalia bakuli lake... na ukinywa, mwanangu, ukasikia kitu kinarudi, Mungu ashukuriwe, na ukinywa usisikie chochote, ni supu tu, imeshuka, ina joto, mzazi anahitaji joto, maziwa yanahitaji maji, na ikikukaa vibaya mdomoni usiniambie ni tofauti, usimeze kwa ajili yangu, sitaki uwe hodari, wala huyo aliyekuzaa nadhani hangetaka, popote alipo, niseme mapema kabla sijabisha hodi maana nikifika nitashikwa na aibu, ninaomba ukumbuke hili moja tu, kwamba unaruhusiwa kutoipenda.