Punguza Tu, Usinyoe

Mdomo huponza kichwa, na wangu uliponza kichwa cha rafiki yangu Opiyo.

Mimi ni Barasa, kinyozi. Mwaka wa 1957 kiti changu kilikuwa kwenye baraza ya duka moja karibu na stesheni ya Ruiru, na aliyekikalia nilimnyoa kichwa na habari zake pamoja. Opiyo alifanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge upande wa Thika. Alikuwa pacha. Mwenzake, Odongo, alikuwa kuli bandarini Mombasa, na mama yao alibaki nyumbani Nyanza akiwaombea wote wawili.

Mwaka huo Opiyo aliota uvimbe kichwani. Madaktari wa Nairobi wakasema ni kansa, wakawa wanamlaza chini ya mashine ya miale kila wiki. Hakusikia maumivu, ila asubuhi moja aliamka akakuta nywele zake mtoni badala ya kichwani, yaani kwenye mto wa kulalia. Alikuja kwangu amevaa kofia ya sufu, na jua lilikuwa kali.

"Toa zilizobaki," akasema. "Nimekuwa kama godoro lililotafunwa na panya."

Nilishika wembe, mkono ukasita. Kwetu Waluhya, na kwao Wajaluo vilevile, mtu mzima hanyolewi upara hivi hivi. Unanyolewa ukishamzika mtu wa damu yako. Kichwa kinachong'aa ni matanga yanayotembea.

Nikamnyoa. Akaniomba jambo moja tu, mama yake asijue. "Moyo wake ni mwepesi. Nitamwambia nikipona." Nikaapa.

Na neno kansa sikulitamka, Mungu ni shahidi. Wiki iliyofuata alikuja mzee wa kwao aliyekuwa akirudi Nyanza kwa treni. Nilipokuwa nikimpunguza ndevu akauliza kama Opiyo hajambo. "Hajambo sana," nikajibu. "Nimemnyoa juzi tu, kichwa kinang'aa kama sufuria." Nilipomaliza tu, mzee akaondoka haraka. Mjinga mimi, nikadhani anawahi treni.

Siku nne baadaye Min Opiyo, kama Wajaluo wanavyomwita mama yake Opiyo, alishuka Ruiru akilia kwa sauti. Ilikuwa Hali ya Hatari na askari wa stesheni walikuwa wakali kwa mambo ya pasi, lakini hata wao walimpisha. "Odongo yangu! Bahari imekula Odongo!" Opiyo alikuwa ameketi kwangu, kofia mkononi. Mama alipokiona kichwa kile, akajitupa chini.

"Mama, Odongo ni mzima," Opiyo akasema akimwinua.

"Usinidanganye. Umenyolewa. Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini?"

Nilimwona Opiyo akitafuta uongo, nami nikamsaidia kuutafuta, tukaukosa wote wawili. Kumwacha mama amlilie Odongo ilikuwa dhambi, na ukweli ungempa mwana mwingine wa kumlilia. Mwishowe akainamisha kichwa, akamwonyesha pale ngozi ilipoungua ikawa nyeusi.

"Ni mimi ninayeumwa, mama. Dawa ndiyo imekula nywele."

Mama akakipapasa kichwa kile kwa viganja vyote viwili, polepole, kama anayeogesha mtoto mchanga. Kilio kikamkatika. Nilijawa na aibu ambayo sijaipata tena. Ili niifute, nikakaa kitini mwangu, nikashika wembe. "Opiyo, na mimi najinyoa. Tufanane."

Mama akanipiga mkono, wembe ukaruka hadi barabarani.

"Wewe unamlilia nani? Mtoto yangu iko hai!" Akavua kitambaa chake. Nywele zilikuwa nyeupe, fupi, zimekatwa vizuri. "Hii yangu haitaguswa na chuma mpaka yake iote."

Akahamia kwenye laini za nyumba za wafanyakazi alikokaa Opiyo, akawa anampikia uji na kumpeleka Nairobi kila wiki. Alipopita barazani nilitazama kitambaa chake kikizidi kuinuka mwezi baada ya mwezi. Wateja walikuja, nikawanyoa kimya.

Januari Opiyo alilazwa. Wiki tatu sikusikia habari yoyote, na sikuthubutu kuuliza. Kisha asubuhi moja mama akaja peke yake, akaketi kitini, akavua kitambaa. Nywele zilikuwa zimesimama kama pamba.

"Kata," akasema.

Nikaufungua wembe, nikaunoa kwenye mkanda, machozi yakinidondokea mkononi. Nilipouweka juu ya paji la uso wake akanishika kiwiko.

"Wewe Barasa, unafanya nini?"

"Nakunyoa, mama."

"Nani amekuambia nyoa? Weka hiyo wembe. Chukua makasi, punguza tu."

Akanyoosha kidole upande wa stesheni. Opiyo alikuwa anakuja, mwembamba, na fimbo mkononi, akipumzika kila baada ya hatua chache. Hakuvaa kofia. Kichwani alikuwa ameota manyoya mafupi, kama kifaranga.

"Daktari anasema turudi mwezi wa sita," mama akasema. "Hiyo ya mwezi wa sita ni ya mwezi wa sita. Leo punguza."

Nikaanza kutafuta makasi. Yalikuwa mezani mbele yangu, na sikuyaona.